Mlango wa mwisho, karibu na choo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama vikundi vidogo vya mtaani, vile vya kusaidia majirani na chakula, kodi ya nyumba na pesa, vinajenga ujirani ama vinauharibu. Nilisoma hilo swali nikiwa kwa matatu Juja Road, nikalisoma tena nikifika nyumbani, na usiku sikulala vizuri. Mimi nakaa Huruma, hapa Nairobi, upande ule wa kushukia Kiamaiko, na hivi vikundi navijua vizuri kwa sababu nimekula chakula chao na sasa niko kwa kamiti ya kimoja. Jina lake sitaandika, watu wa huku watajijulia.

Swali langu mimi ni lingine kidogo. Nani anaandika listi? Unga uje lori nzima, pesa ziingie kwa simu, bado kuna mtu lazima akae chini na kalamu aseme huyu ndiyo, huyu hapana. Na miaka yote hii nimekuwa nikisema, hata kwa mikutano nimesimama nikasema, listi iandikwe na majirani wenyewe, isiandikwe na mtu wa ofisi ambaye akitoka hapa hajui hata njia ya kurudi stejini. Jirani anajua nani hajawasha jiko tangu jana. Ploti zetu ukuta ni mwembamba, unasikia mtu akikoroga chai. Na mahali hakuna listi kabisa tuliona inakuwaje, Kibra, Ijumaa Kuu ya 2020, tarehe 10 Aprili, chakula kililetwa watu wakajaa wakakanyagana, polisi wakarusha vitoa machozi, watu wakaenda nyumbani na majeraha badala ya unga.

Sasa wacha niwaambie yangu, ni ya mwaka huo huo.

Nilikuwa mama fua, wateja wangu wote walikuwa Eastleigh. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa 13 Machi, na wiki iliyofuata simu zikaanza, mama usikuje kwanza, tutakuita. Mzee wangu alikuwa anaosha vyombo hoteli moja tao, nayo ikafungwa. Wateja wawili bado walikuwa wananiita kisiri siri, halafu 6 Mei serikali ikafunga Eastleigh yote, hakuna kuingia hakuna kutoka, na hapo nikajua tumeisha. Kodi yetu ilikuwa 4,500. Tulikuwa tunadaiwa mwezi na nusu, 6,750.

Siku moja niliamka nikaloweka maharagwe, nikaenda na watoto kuzunguka kama nitapata hata nguo chache za kufua huku juu. Nikarudi saa kumi na moja jioni nikakuta kufuli mpya juu ya kufuli yangu. Inang'aa, rangi ya dhahabu, bado ina kale kakaratasi ka bei. Keateka, yule anayemsimamia mwenye nyumba ploti, alikuwa amesimama pale anaangalia chini, akaniambia mama si mimi, nimetumwa. Watoto walikuwa wawili, mmoja miaka tisa mwingine mitatu. Mzee alikuwa ameenda kwa ndugu yake Kayole kuomba kitu kidogo na nikajua hatarudi, kwa sababu kafiu ya usiku ilikuwa inaanza saa moja na polisi walikuwa wanapiga watu kweli kweli. Nguo ziko ndani, dawa ya kifua ya mtoto iko ndani, maharagwe yangu yako ndani.

Nilibisha mlango wa kwanza, mwanamke ambaye tunaenda kanisa moja. Akafungua kidogo akasema tuko wengi, na unajua hii korona. Mlango wa pili vile vile. Siwalaumu, kila mtu alikuwa anaogopa. Saa moja kasoro robo hivi ndio ule mlango wa mwisho karibu na choo ukafunguka wenyewe bila mimi kubisha. Dada mmoja alikuwa anakaa hapo, alikuwa anauza chang'aa, anapima kwa kikombe kidogo kwa wateja wake, na ploti nzima ilikuwa inamsema. Hata mimi. Mimi hasa, nilikuwa nimekataza watoto wangu kukanyaga pale. Akasema tu, "Ingiza hao watoto, baridi imeanza."

Tulilala kwake siku tatu. Chumba kimoja, leso imekatiza katikati. Watoto walilala kwa godoro lake, yeye akalala ameegemea ukuta amekalia kreti ya soda, na hakuniuliza hata siku moja naenda lini. Unga alikuwa nao kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, anapima na kiganja, ugali wa watu wanne kutoka unga wa watu wawili, na sukuma kaikata nyembamba mpaka ikaonekana nyingi. Sijawahi kuona mtu anakata sukuma vile. Usiku wa pili mtoto wangu mdogo alikohoa sana, yule dada akachemsha maji akamfunika na taulo, akamshika mgongo mpaka akalala.

Siku ya tatu ndio kikundi kikaja. Mwanamke mmoja, kaunta buku kwapani, biro imefungwa na uzi. Aliniuliza nadaiwa nini kingine mbali na kodi. Nikasema hakuna. Akanyamaza, akaningoja. Basi nikataja yote, duka 1,340, mkopo wa simu 2,000, chama chetu cha kuchanga pesa 1,500, akaandika kila moja kwa laini yake. Halafu akapigia mwenye nyumba simu mbele yangu, ameweka spika. Alimwambia kwa heshima kabisa, mzee, tunakutumia 3,500 sasa hivi kwa simu yako, zilizobaki atalipa kidogo kidogo mpaka Agosti, lakini mlango ufunguliwe leo. Ukafunguliwa saa nane mchana. Maharagwe yalikuwa yametoa povu na harufu ilikuwa imeingia mpaka kwa blanketi. Baadaye ndio yule mama akanieleza kuna sheria ya zamani ya kulinda wapangaji, kuna hadi baraza lake la kusikiza kesi, lakini inahusu nyumba za kodi isiyopita 2,500 kwa mwezi. Sasa Nairobi hii nyumba ya 2,500 ni ngapi?

Na hiyo kodi wengi hawajui ndio msaada mkubwa kuliko unga. Unga unaisha Jumatano. Ukifungiwa nyumba umepoteza jiko, nguo, vitambulisho, vitabu vya mtoto, na mahali pa kuamkia uende kibarua. Mwezi wa Septemba kikundi kilinikopesha 3,000 bila riba nikaanza kuuza mboga, nikarudisha 300 kila wiki, wiki kumi, na hapo kwa mikopo sina mengi ya kusema, ilifanya kazi.

Kitu kinachonisumbua kilitokea wiki moja baada ya mlango kufunguliwa. Kikundi kilileta kuponi za chakula, za 2,000 kila mlango, unaenda dukani unachukua unga, mafuta, sabuni, saa yako wewe mwenyewe, bila foleni na bila mtu kukupiga picha. Ploti yetu ina milango 32, na wakatuambia vile mimi nimekuwa nikitaka siku zote, majirani kaeni muandike. Tukakaa kwa ngazi watu sita. Tukataja, tukataja, tukafika mlango wa mwisho. Mmoja akasema, huyo ana biashara yake. Mwingine akasema, tukimwandikia yeye chakula kitageuka pombe. Wote wakaniangalia, kwa sababu walijua nililala kwake.

Nikaangalia viatu vyangu. Tukapita.

Usiku nilimpelekea paketi moja ya unga kutoka kwa zangu. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniuliza, "Jina langu liliandikwa?" Nikamwambia majina yalijaa. Akasema asante, akafunga mlango pole pole. Mwezi wa saba alihama na sijui alienda wapi.

Nilianza hii barua nikitaka kuandika kwamba majirani waachiwe kalamu, na sasa nimefika hapa siwezi kuandika hivyo. Mafuriko ya 2024 yalipokuja, mto Mathare ukabeba nyumba za watu, halafu nyumba za kando ya mto zikabomolewa, na serikali ikaahidi 10,000 kwa kila familia, huku chini kilio kilikuwa kile kile, nani yuko kwa listi na nani hayuko. Safari hiyo mimi ndiye nilikuwa nimeshika kaunta buku ya kikundi chetu, ya blanketi na chakula. Tuliandika vizuri, nilidhani. Halafu tukaleta msichana kutoka Korogocho asiyejua mtu huku, akachukua listi yetu akatembea nayo mlango kwa mlango, akarudi na milango minne tuliyoruka. Yote minne tulikuwa tunaijua. Kulikuwa na kijana tunayemwita mwizi, mama mmoja aliyegombana na mwenyekiti, na wawili ambao hata sababu sikuipata.

Kwa hivyo mseme nimesema hivi: majirani waandike, na mgeni apite nyuma yao kabla kitu chochote hakijatolewa. Mgeni peke yake hapana, huyo atadanganywa na kila anayejua kulia, na hatajua nani ana ploti zake ushago. Lakini sisi peke yetu, mimi siwezi kutuaminia tena, hata kamiti yangu, hata mimi mwenyewe. Kwa wengine pengine ni tofauti. Ploti yenye amani, watu wamekaa pamoja miaka mingi, labda wanaweza.

Na swali lenu, kama kikundi kinajenga ujirani ama kinauharibu. Kikundi kilinifungulia mlango. Kile kilichoharibika siku ile kwa ngazi hakikuharibiwa na kikundi.

Kama yule dada anasoma hapa, ama kuna mtu anamjua, alikuwa na alama ya kuungua mkono wa kushoto na alikuwa anaita kila mtoto "bosi", naomba aambiwe majina hayakuwa yamejaa. Tulipewa nafasi za milango 20. Tuliandika 18.