Kabla Hujaandika "Bio" kwenye Pakiti

Vijana wanaotaka kuingia kwenye biashara ya vyakula vya asili hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huniuliza karibu wote jambo moja: mtaji ni dola ngapi? Nami huwauliza: mahindi yako yamekauka? Wengine hukasirika, wakidhani nawaficha siri. Siri yenyewe ndiyo hiyo.

Mimi nilikuwa mchuuzi wa maziwa ya unga na biskuti. Asubuhi navuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, jioni narudi na mzigo. Machi 2020 korona ikafunga mpaka, na biashara yangu ikakatika. Lakini kina mama wa Kabare na Walungu waliendelea kuja mjini na soya, mtama na karanga zao kama kawaida. Nikaona mali iko huku huku kwetu. Nikaanza na masoso, ule unga wa uji wa mahindi, soya na mtama ambao mama yeyote wa hapa anaujua tangu kituo cha afya. Nawe anza na chakula ambacho mteja anakijua. Chia na unga wa mlonge ni vitu vizuri, ila ukianza navyo utakesha ukieleza, na kuuza hutauza.

Sasa ukavu, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kwetu mvua inaanza Septemba na kutuacha Mei. Jua la kuaminika ni la Juni hadi Agosti. Mahindi au karanga zikiwekwa na unyevu zinaota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Huioni, huisikii mdomoni, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 nchini Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, na mengi ya mahindi hayo yalikuwa yamelimwa na familia zenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia cha asili hakina madhara, msimulie habari hiyo.

Kipimo changu ni chupa ya kioo, kavu, yenye kifuniko. Natia mahindi hadi robo, naongeza vijiko vichache vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, nafunga, natikisa dakika kadhaa, naiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, yarudi juani. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, tunaongea bei. Kipimo hiki nakifanya mbele ya muuzaji, pale pale soko la Kadutu. Mama mmoja alinicheka sana: "Dada, leo unapika mahindi ndani ya chupa?" Siku hizi anapima mwenyewe kabla sijafika, maana amegundua kwamba yaliyokauka nayanunua bila kubishana sana.

Karanga zichambuliwe kwa mkono, hakuna njia ya mkato. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Usiwape hata kuku.

Soya lazima ikaangwe vizuri, kwa sababu ikiwa mbichi inazuia tumbo kumeng'enya protini, na protini ndiyo iliyokufanya uinunue. Koroga bila kuacha mpaka ile harufu ya majani mabichi iishe na maganda yaanze kupasuka. Ukifika kwenye mashini ya kusaga, kumbuka kwamba mashini za mtaani husaga muhogo asubuhi nzima. Unga wa kwanza kutoka ni wa aliyekutangulia. Pitisha nafaka yako kidogo, uweke pembeni, ndipo uanze kukinga wa kuuza.

Tuje kwenye neno "bio", yaani mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani na kukaguliwa, neno ambalo kila mtu analikimbilia. Wakulima wengi wa Kabare hawatumii mbolea ya viwandani kwa sababu hawana pesa ya kuinunua. Hilo haliwafanyi kuwa wakulima wa bio. Hata shamba likiwa safi, uliza gunia. Wapo wanaochanganya nafaka na dawa ya unga ili wadudu wasiingie, na dawa hiyo inakuja hadi kwenye uji wa mtoto. Mimi siulizi "unatumia dawa?", kwa sababu jibu ni hapana siku zote. Nauliza: "Mama, wadudu unawafukuza na nini?" Hapo utaambiwa ukweli, tena kwa majivuno. Wanaoniuzia mara kwa mara nimewahimiza watumie magunia ya tabaka tatu yasiyopitisha hewa. Wadudu wanakosa pumzi wanakufa, bila dawa yoyote.

Cheti cha bio cha kuuzia Ulaya ni safari nyingine. Shamba la mazao ya msimu linapaswa kukaa angalau miaka 2 chini ya ukaguzi kabla ya kupanda, na la kahawa miaka 3 kabla ya kuvuna, na mkaguzi analipwa. Kwa ushirika wa kahawa wa Idjwi au Kalehe hesabu inaweza kukubali. Kwa wewe unayeuza uji soko la Nyawera hapa mjini haikubali, usijisumbue. Andika unachoweza kukionyesha: nafaka gani, imetoka wapi, imesagwa lini, haina sukari wala rangi. Pesa ya cheti hicho ipeleke kwenye vipimo vya OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, ambavyo duka lolote la maana litakuomba.

Bei wengi wanaikosea kwa sababu wanahesabu kilo walizonunua. Tuseme umenunua kilo 100 kwa franka 100.000. Toa mawe, makapi, mbovu na maji yaliyopotea kwenye kikaango, ukabaki na kilo 85. Kilo yako moja sasa imekugharimu franka 1.176, na bado hujalipa makaa, mashini, pakiti wala mtu wa kubeba.

Na usiuze muujiza. Wateja watakuja wakikuomba useme masoso yanatibu sukari au asali inaondoa presha. Ukikubali utauza sana mwezi huo, kisha mtu ataacha dawa zake kwa ajili ya pakiti yako. Mimi nasema ni chakula, basi. Nikiuza asali nasema pia, hata kama mteja ana haraka, kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja haipewi kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Kuna bibi aliyeirudisha chupa papo hapo, alikuwa amemnunulia mjukuu. Nilimrudishia pesa yake, akanunua masoso ya ndugu mkubwa wa yule mtoto.

Mkopo kwa wateja? Tangu Februari 2025 benki zilipofunga mjini, noti zimekuwa adimu na kila mtu anaomba "nitalipa Jumamosi". Mimi nilipunguza pakiti. Kuna ya nusu kilo na ya robo, mtu alipe alichonacho aondoke. Mtaji wa kununulia nafaka tunaukusanya kwa likelemba, yaani kuchanga pesa na kupeana kwa zamu, na zamu yangu naomba iangukie Juni, jua likiwaka.