Usinunue miguu ya mtu: milioni 11 zangu zilivyokwenda

Mkuu, usiende benki kesho. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba una milioni 15 za kiwanja ulichouza Kasulu, na mwenyekiti wa timu amekuahidi asilimia 30 ya winga wao, akiuzwa Dar mnagawana. Halafu ukauliza habari za viingilio, jezi, na kama ufungue kampuni kabisa. Nilipofika kwenye hiyo asilimia 30 chai ikanipalia. Hayo mengine nimeyapitia juu juu tu.

Mimi nilipewa 40. Nimekuzidi kumi.

Nauza dagaa kwa jumla hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mashujaa walipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, mji mzima ulipata homa. Kila mwenye fremu akajiona mdau wa soka. Tukasahau kwamba Mashujaa ni timu ya jeshi, nyuma yao kuna mwajiri. Hizi zetu nyingine nyuma yao kuna mwenyekiti.

Wa kwetu akaja dukani jioni moja na mshambuliaji mwenyewe, kijana mpole wa miaka 20. Akamwambia apandishe suruali nione mashavu ya miguu. Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikainama nikayabonyeza kama nanunua mbuzi mnadani. Kijana anacheka kwa aibu. Mwenyekiti anasema, "Kaka, hii miguu ni nyumba ya Kigamboni." Akamtaja Samatta, Mtanzania mwenzetu aliyeuzwa Ulaya. Wanamtaja wote.

Karatasi tukaichapa steshenari ya jirani: "Mfadhili atapata asilimia 40 ya mauzo ya mchezaji." Mhuri wa klabu, saini, mashahidi wawili ambao wote ni wajumbe wake. Nikaipiga laminesheni isije ikalowa. Nikatoa milioni 6 za usajili. Baadaye 3 za kambi, kwa sababu "mchezaji wako asipokula hauziki". Baadaye 2 za basi. Sisemi aliiba. Ningefurahi angeiba, ningejua hela iko mahali. Zililiwa na basi la kukodi, posho, na deni la mama ntilie aliyekuwa anapikia kambi. Timu ya Kigoma ikisafiri imesafiri kweli: reli mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na ukifika Dar bado hujafika Mtwara.

Sasa hapa soma taratibu. Siku tunagonga mihuri, mkataba wa yule kijana ulikuwa umebakiza miezi tisa. Sikuuliza. Maziwa ya kopo ya mtoto nageuza kopo nitafute tarehe ya kuisha, mchezaji wa milioni 11 sikumgeuza.

Mchezaji aliyemaliza mkataba hauzwi, mkuu. Anaaga anaondoka. Huko Ulaya Mbelgiji Jean-Marc Bosman alishinda kesi hiyo Desemba 1995, na leo ndiyo kawaida hata huku kwetu. Juni ikafika, kijana akapanda treni, akasaini timu ya Dar bila klabu yetu kulipwa hata mia. Akanitumia picha amevaa jezi mpya, chini ameandika, "Asante sana mzee kwa kunishika mkono." Nikamwonyesha mke wangu. Akaitazama picha muda mrefu, akauliza, "Sasa asilimia 40 yako ni ipi hapo, kushoto au kulia?"

Kijana simlaumu. Alikuwa anadai mishahara ya miezi mitatu. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba kwa kanuni za FIFA mchezaji asipolipwa miezi miwili anaidai klabu kwa maandishi, siku 15 zikipita kimya ana haki ya kuvunja mkataba. Kwa hiyo hata ingebaki miaka mitatu, angeweza kuondoka zake. Klabu isiyolipa mishahara haina mchezaji wa kukuuzia. Inakuuzia mtu anayesubiri nauli.

Nikaenda kwa wakili, elfu hamsini ya ushauri. Akaishika ile laminesheni, akasoma mistari miwili, akavua miwani. Akaniambia tangu tarehe 1 Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa nje kupewa fungu kwenye mauzo ya mchezaji. Si klabu wala mchezaji anayeruhusiwa kukuandikia hiyo karatasi, na ikigundulika inayoadhibiwa ni klabu. Akanipa na mfano: West Ham mwaka 2007 walipigwa faini ya pauni milioni 5.5 kwa kuficha mikataba ya watu wa nje kwenye usajili wa Tevez na Mascherano, na hapo hiyo marufuku ya dunia nzima ilikuwa bado. Nikipeleka karatasi yangu TFF, shirikisho letu la soka, naichongea timu yangu mwenyewe, na mfukoni hairudi hata senti. Na ile elfu hamsini ikaenda hivyo.

Kinachoniuma mpaka leo si kanuni, kanuni sikuwa nazijua. Kinachoniuma ni ile tarehe. Mwenyekiti aliijua, maana aliyeusaini ule mkataba ni yeye! Alikaa kwenye kreti langu la soda, akanywa chai yangu na maandazi matatu, akaniuzia kitu ambacho mwezi wa sita kingeisha chenyewe. Na kuna mchambuzi mmoja wa kijiwe cha kahawa aliyekuwa ananipigia debe, "Samatta naye alianzia mchangani, na FIFA inawalipa waliomlea." Ni kweli Genk ya Ubelgiji walimuuza Aston Villa ya England Januari 2020. Ni kweli pia FIFA ina fungu la asilimia 5 ya bei ya uhamisho. Lakini linagawiwa klabu zilizomsajili mchezaji akiwa na umri wa miaka 12 hadi 23, na ni pale anapouzwa kuvuka mpaka wa nchi, au klabu iliyomlea ikiwa ya nchi nyingine. Winga wako akitoka Kigoma kwenda Dar amevuka Malagarasi tu. Na muuza dagaa hayumo kwenye huo mgao, nimeutafuta.

Najua utaniletea zile bilioni 225.6 za Azam za kuonyesha mechi kwenye TV kwa miaka 10, mkataba wa 2021. Hizo ni za Ligi Kuu. Winga wako anacheza wapi? Haya.

Kwa hiyo usinunue miguu ya mtu. Asilimia 30, 40, hata mia moja, usinunue. Kama mapenzi ya timu yanakuwasha, na najua yanawasha kwa sababu bado naenda uwanja wa Lake Tanganyika kila mechi, toa kitu kinacholiwa: mchele wa kambi, au seti ya jezi zenye jina la biashara yako kifuani, msimu mmoja, na siku hiyo hiyo uiandike kwenye daftari upande wa matumizi. Ukiiandika upande wa mali umeshapotea.

Ukibisha, basi mwombe mwenyekiti vitu viwili tu, ukurasa wa mkataba wa winga wenye tarehe ya mwisho, na karatasi ya mishahara ya miezi mitatu iliyopita. Atakwambia vipo kwa katibu. Katibu atakuwa msibani.

Kampuni utafungua ukiwa bado na hela. Viingilio na jezi kuna wadau humu watakujibu, mimi nimeshapandwa na presha.

Wiki iliyopita yule wetu kapita tena dukani, safari hii kaja na kipa. Mrefu, mikono kama makasia, miaka 18. Nilikuwa napima dagaa, sikuinua macho. Nikawauliza kama wanataka kilo mbili au tatu.