Maswali ya Wasomaji: Gundi Ipi kwa Ndege ya Mfano?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nairobi na ninasimamia chama cha wanafunzi wanaounda ndege ndogo za kurusha. Mabawa tunayachonga kutokana na lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, kiwiliwili ni cha mbao nyepesi, na kifuniko cha chumba cha rubani tunakikata kutoka chupa ya soda. Tulipotumia supagluu, bawa liliyeyuka likabaki na shimo, na kifuniko kikaingia ukungu mweupe. Je, tuliuziwa gundi bandia?
Mwalimu, Kayole

JIBU: Mwalimu, kwa dalili ulizozieleza, sioni sababu ya kumlaumu mwenye duka. Supagluu ya kawaida, hata iwe halisi na ya bei ya juu, huyeyusha povu la polistirini, ambalo ndilo hilo la televisheni. Na ule ukungu ni mvuke wa gundi hiyo hiyo ulioganda juu ya plastiki. Msikimbilie gundi ya fundi viatu, kwa kuwa nayo kwa kawaida ina vimiminika vinavyolila povu vilevile.

Kwa mabawa tumieni epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Haiyeyushi povu, na inafaa hasa pale mabawa mawili yanapokutana, kwa sababu hapo ndipo upepo hujaribu kuyakunja kwa nguvu kuliko mahali pengine popote. Dakika 5 zilizoandikwa kwenye pakiti ni muda wa kuifanyia kazi kabla haijaanza kuganda, si muda wa kukomaa, kwa hiyo ndege na ipumzike hadi kesho yake. Wanafunzi wenye haraka hupenda kuzidisha kigandisho wakidhani kwamba gundi itakaza upesi, kumbe wanajipatia gundi laini isiyokomaa; fuateni kipimo cha pakiti, ambacho kwa mirija mingi ya madukani ni sawa kwa sawa. Kasoro ya epoksi ni uzito. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito kuliko pua, na kwa hiyo gramu chache za gundi zinazozidi huko nyuma zitawalazimu kuongeza gramu nyingi zaidi mbele ili ndege isawazike.

Mbao kwa mbao ni kazi ya gundi nyeupe ya maseremala. Ipakeni kidogo, mbane kwa vibanio vya nguo kwa muda wa nusu saa hivi, kisha muache kiungo kikauke siku nzima. Gundi hiyo inafaa pia kwa kifuniko cha rubani, kwani hukauka ikawa angavu na haitoi mvuke wa kukitia ukungu. Msiitumie kugandisha vipande viwili vipana vya povu, maana maji yake hayapati pa kutokea na huweza kubaki mbichi ndani kwa siku nyingi.

Supagluu nayo ina nafasi yake kwenye viungo vya mbao vilivyochongwa vikakutana barabara. Hugandishwa na unyevu mdogo ulio juu ya mbao na hewani, ndiyo maana tone nono hukawia kukauka. Hata hivyo, kama fedha za chama zinatosha gundi mbili tu, ningenunua epoksi na gundi nyeupe.

SWALI: Mwanangu alimwagikiwa na supagluu vidoleni. Nilipomfuta kwa pamba, alilia kwamba inamchoma. Je, ana mzio?
Mzazi, South B

JIBU: Yaelekea si mzio. Supagluu mbichi ikikutana na pamba, au na nguo ya pamba, huganda ghafla na kutoa joto linaloweza kuunguza ngozi. Vidole vikigandana, viloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha uvibingirishe polepole hadi viachane, bila kuvivuta. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni husaidia pia, lakini isikaribie macho wala mdomo. Gundi ikiingia jichoni, usijaribu kulifungua kope kwa nguvu. Osha kwa maji mengi ya uvuguvugu na umpeleke mtoto hospitalini mara moja.