Maswali na majibu: injini umeiongezea nguvu, sasa tuongelee matairi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wenye hatchback (magari madogo yasiyo na buti la kuchomoza) zilizochezewa: Golf GTI, Swift Sport, Audi S3. Nimeziweka pamoja kwa sababu zina chanzo kimoja. Mtu ameshalipia rimapu (kubadilisha programu ya kompyuta ya injini ili itoe nguvu zaidi), egzosi na springi za kushusha gari, halafu matairi yakabaki mwisho, yakanunuliwa kwa chenji. Natamani sana mpangilio huo muugeuze. Breki zako, kona zako na hizo nguvu zote ulizolipia zinapita kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja.

Fundi, nina GTI Mk7 (Golf ya kizazi cha saba), Steji 1 (rimapu ya hatua ya kwanza). Nikikanyaga kwenye gia ya pili magurudumu ya mbele yanazunguka bure na usukani unavuta upande. Nimevaa 225/40R18 (upana milimita 225, ubavu asilimia 40 ya upana huo, rimu ya inchi 18). Nikipanda hadi 245 tatizo litaisha? – Nairobi

Kaka, hujaniambia umevaa tairi gani, na hapo ndipo penye jibu. GTI Mk7 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 220 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 350. Magurudumu mawili ya mbele yanavuta, yanakata kona na yanabeba sehemu kubwa ya breki. Ukiipeleka karibu farasi 300 kwa rimapu, umeyaongezea mzigo magurudumu yaleyale mawili, na tairi ambalo lilikuwa linatosha kwa shida sasa halitoshi.

Upana unasaidia, lakini aina ya mpira inasaidia zaidi. Nimeona mara nyingi 225 lenye mpira mzuri likilishinda 245 la mpira mgumu, hasa barabara ikilowa. Kwenye 225/40R18 utapata Michelin Pilot Sport 4 au 5, Continental SportContact 7, au Goodyear Eagle F1 Asymmetric. Haya yametengenezwa kwa gari la aina yako. Bei yake inauma, najua. Lakini linganisha na ulicholipa kwenye rimapu, kisha jiulize kipi kitakusimamisha boda boda akikukata mbele ghafla.

Halafu kuna rimu. Rimu ya kiwandani ya GTI yenye inchi 18 ina upana wa inchi 7.5. Tairi la 225/40R18 linakaa vizuri kwenye rimu ya 7.5 hadi 9. La 245/40R18 linataka kuanzia 8. Ukilibana kwenye 7.5, mabega yanavutwa ndani, uso unakuwa wa mviringo, na kwenye kona unahisi gari linachelewa kukuitikia, kana kwamba kuna kitu kinajikunja kabla halijageuka. Kipenyo nacho kinabadilika: lako lina milimita 637, la 245/40 lina 653. Kwenye gari lililoshushwa, milimita 16 hizo zinatosha kukwangua fenda. Ukitaka upana kwa dhati, tafuta kwanza rimu za upana wa inchi 8 zenye ofseti sahihi (umbali kati ya uso wa kufungia rimu na katikati yake), kisha vaa 235/40R18, yenye kipenyo cha 645.

Jambo lingine la kusoma ubavuni ni namba na herufi zinazofuata saizi. Unataka 92Y, na alama ya XL, yaani tairi lililoimarishwa kubeba mzigo zaidi. Namba 92 maana yake tairi moja linabeba kilo 630. Utaona dukani 225/40R18 nyingine zenye 88, yaani kilo 560, na bei yake inavutia. Ziache. Y ni mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Hutaendesha hivyo, na nakuomba usijaribu, lakini herufi hiyo inakueleza tairi linavumilia joto kiasi gani likifanyishwa kazi nzito.

Mwisho, mbele ikiwa inadundadunda wakati inazunguka bure, yaani tu-tu-tu-tu hadi dashibodi inatikisika, muite fundi aangalie mpira wa chini unaoshika injini. Ukilegea huo, hakuna tairi litakaloshika.

Shikamoo. Nimeagiza Swift Sport kutoka Japani. Matairi yamekuja na kashata (mpira wa juu wenye mifereji, unaogusa lami) nene kabisa, lakini kwenye kona gari linaelea na breki inachelewa kushika. Fundi wa mtaani anasema matairi hayana shida. – Dodoma

Marahaba. Inama usome ubavu wa tairi. Nina wasiwasi utakuta neno STUDLESS, na pengine mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mwishoni mwa saizi kuna uwezekano mkubwa ukakuta herufi Q, ambayo kikomo chake ni kilomita 160 kwa saa. Hayo ni matairi ya theluji. Gari lako huenda liliishi sehemu ya Japani yenye majira ya baridi kali, na mwenyewe akaliuza likiwa limevaa hivyo.

Angalia kashata kwa karibu. Kila kitofali kina mikato myembamba ya mawimbi, kama iliyochanjwa kwa wembe. Bonyeza kwa ukucha: mpira unabonyea, ukiachia unarudi polepole. Mpira huo umechanganywa ili usikakamae kwenye baridi ya chini ya sifuri. Kwenye lami ya Dodoma saa nane mchana unalainika kupita kiasi, vitofali vinalala ukikata kona, na ukikanyaga breki vinajikunja badala ya kushika. Ndiyo huko kuelea unakokusikia.

Kashata nene ndiyo inayowadanganya watu, na fundi wako hana kosa la makusudi, kwa sababu amezoea kupima tairi kwa unene. Yavue yote manne, usisubiri yaishe. Na tafadhali usimuuzie mwenye gari mwingine. Swift Sport za karibuni zinavaa 195/45R17. Thibitisha kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Duka limeniuzia matairi "mapya, hayajawahi kuvaliwa". Yana nywele za mpira bado. Lakini namba ya ubavuni inaishia 1417. Ina maana gani? – Arusha

Ina maana wiki ya 14 ya mwaka 2017. Yarudishe.

Swali lako limenigusa kwa sababu liliwahi kunipata mimi mwenyewe. Miaka ile nilinunua mawili kwa muuzaji niliyemwamini. Yaling'aa, nywele zipo, yananukia upya. Sikusoma tarehe, kwani ubavu uliokuwa nje haukuwa nayo. Hilo wengi hawalijui: namba kamili yenye wiki na mwaka mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na likifungwa upande huo ukiwa ndani, huioni mpaka gari linyanyuliwe. Nikateremka mlima Kitonga mvua ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mbele yangu lori limepunguza mwendo, nikakanyaga breki, na gari likaendelea kwenda kama vile sijakanyaga kitu. Lilisimama hatua chache nyuma ya lori. Miguu ilitetemeka nikashindwa kushuka.

Nilipoyavua nikaona kilichonifika. Ndani ya mifereji ya kashata, pale chini kabisa ambapo dawa ya kung'arisha haifiki vizuri, palikuwa na mipasuko midogo kama udongo wa tope lililokauka. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Unakauka, unakuwa mgumu, na ugumu huo unaonekana siku ya mvua.

Tangu hapo nimejiwekea sheria. Nauliza tairi ligeuzwe pande zote mbili kabla halijafungwa. Silipii lililopita miaka miwili tangu litengenezwe. Likifika miaka sita kwenye gari lenye nguvu nalitoa, hata kama kashata ipo. Watengenezaji kadhaa wanaweka kikomo cha miaka 10 kwa tairi lolote, na spea imo humo, kwa hiyo fungua buti leo ukaisome na hiyo.

Nimepata rimu za 19 kwa bei nzuri, zina 235/35. Golf yangu ni Mk6 ya turbo, na njia ya kwangu ina mashimo. Nifunge? – Kampala

Usifunge, ndugu yangu.

Pima ubavu. Tairi la 225/45R17 lina milimita 101 za mpira kati ya rimu na lami. La 225/40R18 lina 90. La 235/35R19 lina 82. Shimo moja lenye ukingo mkali, ukiligonga usiku kwa kilomita 60, linabana ubavu mpaka rimu inaukata. Kesho yake unaamka unakuta uvimbe kama jipu ubavuni. Uvimbe huo ni nyuzi za ndani zilizokatika, na upepo sasa umezuiwa na mpira mtupu. Haushonwi, hauwekwi kiraka, na usikubali mtu akuambie unaweza kuendelea nao "taratibu". Upande wa ndani ndio unaoficha mambo: gari likiwa juu ya jeki, pitisha kiganja ubavu wa ndani wote, polepole, mpaka umalize mzunguko. Mkono unagundua kabla ya jicho.

Mk6 GTI ilitoka na 17 na 18 zote. Kwa barabara unayoieleza mimi ningevaa 17, tena ningefurahi: rimu nyepesi, tairi la bei nafuu zaidi kwa ubora uleule, na gari linaloacha kuruka kila likikutana na bonde. Ila kama umebadilisha breki ukaweka kubwa, jaribu rimu moja kwanza uone kama haigusi kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki).

Nina pesa ya matairi mawili tu. GTI inavuta mbele, kwa hiyo mapya nayaweka mbele, sivyo? – Mwanza

Yaweke nyuma. Najua inaonekana kinyume. Mbele ikiteleza kwenye maji, gari linaenda moja kwa moja, unaachia mafuta, linarudi. Nyuma ikiteleza, gari linajizungusha, na dereva wengi hawawezi kulidaka, hata mwenye mkono mzuri. Yale ya nyuma yaliyobaki na kashata ndiyo yaende mbele, mradi hayajachakaa.

Kwa mwenye Audi S3, Golf R au Subaru, yaani gari linalovuta kwa magurudumu yote, jibu langu ni lingine: subiri pesa itimie ununue manne. Yakitofautiana kipenyo, mfumo wa kugawa nguvu unafanya kazi bila kupumzika na unaweza kufa kabla ya wakati wake. Ukarabati wake utazidi bei ya hayo mawili uliyoahirisha.

Upepo wa nitrojeni una faida? Na je, nikitoka Mombasa kupanda Nairobi nirekebishe presha? – Mombasa

Hewa ya kawaida ina asilimia 78 ya nitrojeni tayari. Pesa ya nitrojeni nunua geji nzuri yako mwenyewe, uiweke kwenye dashibodi, upime kila wiki mbili.

Swali la pili nimelipenda. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,800, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji itasoma juu kwa psi (kipimo cha presha) 2 hadi 3 bila wewe kuongeza chochote. Lakini Nairobi pia kuna baridi kuliko pwani, na kila nyuzi joto 10 zinazopungua zinakutoa karibu psi 2. Vinakaribia kufutana. Fika, lala, pima asubuhi kabla hujaliwasha gari, ufuate kibandiko cha presha cha gari lako. Kwenye Golf nyingi kipo ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta.

Rafiki ananiuzia semi-slick (matairi ya mashindano yenye mifereji michache), zina trediwea 200 (namba ya ubavuni inayoonyesha mpira unadumu kiasi gani). Niendeshee kila siku? – Tanga

Kwa siku ya mashindano kwenye uwanja mkavu, nunua. Kwa kwenda kazini masika ya Tanga, hapana. Mifereji yake ni michache, maji yakituama hayana pa kutokea, na tairi linapanda juu ya maji. Isitoshe, linahitaji kupata joto ndipo lishike, na safari ya kwenda sokoni hailipi joto hilo.

Niko Maskati na Golf R. Kiangazi joto linapita nyuzi 45. Nipunguze upepo ili tairi lisipasuke? – Oman

Usipunguze hata kidogo. Tairi lenye upepo mdogo ubavu wake unajikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakolichemsha mpaka linapasuka. Tairi lililojazwa sawasawa linapata joto pungufu. Presha ikipanda ukiwa njiani ni kawaida, usisimame kuitoa.

Ukichagua jipya, tafuta ubavuni neno TEMPERATURE lifuatiwe na A, ndiyo daraja la juu la kuvumilia joto. Pima alfajiri, gari likiwa limelala kivulini. Ukipima saa tano asubuhi, matairi ya upande uliopigwa na jua yatasoma juu kuliko ya upande wa pili, utatoa upepo ambao haukuzidi, na jioni utaondoka na gari lililopungukiwa upande mmoja.