Mafua baada ya kupandikizwa mapafu: msisubiri homa

Pole, dada. Unasema mumeo, aliyepandikizwa mapafu mwaka jana, ana mafua siku ya pili bila homa, nawe unajiuliza kama msubiri. Msisubiri. Dawa za kushusha kinga zinaweza kuficha homa. Mimi niliwahi kuwa na virusi vya RSV (vinavyoshambulia njia ya hewa) huku kipimajoto kikisoma 36.8. Kilichonishtua ni kile kifaa cha kupuliza kinachopima uwezo wa mapafu (spirometa): namba ilishuka asubuhi mbili mfululizo.

Apulize leo. Ikishuka asilimia 10 kutoka kiwango chake cha kawaida, pigieni timu ya upandikizaji simu hata usiku. Kwa kweli, pigeni hata isiposhuka. Wampime puani mapema, maana ikiwa ni influenza, oseltamivir (dawa ya virusi vya influenza) hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48.

Asiache takrolimasi (dawa yake ya kushusha kinga), wala asimeze ibuprofeni (figo zake!). Akiandikiwa Paxlovid (dawa ya UVIKO-19) na daktari asiyemjua, ulizeni timu kwanza: hupandisha takrolimasi kwenye damu hadi kiwango cha sumu. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikageuka bluu, nendeni kitengo cha dharura moja kwa moja.