Usimtibu Mhusika Wako kwa Busu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kayole aliniandikia: "Dada, hadithi yangu ina mapenzi, ina hatari, na wahusika wangu wote wawili wameumizwa vibaya. Mbona wanaonisomea wanasema hawasikii chochote?" Akanitumia sura tatu. Nilizisoma kwenye matatu, foleni ya Jogoo Road ikanipa nafasi ya kutosha, na tulipofika Muthurwa nilikuwa najua la kumjibu. Nimeona nilitoe hapa, maana tangu hadithi yangu ya Odongo na Wanza ianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, swali hili naulizwa na kila anayetaka kuandika mapenzi ya taharuki. (Kuzunguka bila kulipiwa, lakini hayo tutayafikia.)

Katika sura ya kwanza ameandika kwamba msichana wake "aliteseka sana katika ndoa ya awali". Kijana naye "alipitia mengi utotoni". Basi. Kufikia sura ya tatu risasi zimelia, wamejificha stoo, wamebusiana na wamepona. Kidonda kimeandikwa kama maelezo ya kitambulisho: jina, umri, mahali pa kuzaliwa, kuteswa na mume. Nani atalia kwa hilo?

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Angalia methali hiyo inavyofanya kazi. Nyoka mwenyewe hasimuliwi, wala siku aliyouma. Unaonyeshwa mtu mzima akirukia pembeni kwa sababu ya kipande cha ukindu. Hadithi ya namna hii inaishi kwenye huo mruko.

Nikupe mfano wa Odongo. Nilitaka mwanamume aliyeumizwa na jiji hili hili. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi hivi, kabla bomu halijalipuka kwenye ubalozi wa Marekani pale Moi Avenue na Haile Selassie, kulisikika kwanza milio ya bunduki na kishindo kidogo. Watu maofisini wakafanya ambacho wewe na mimi tungefanya: wakakimbilia madirishani kuchungulia. Mlipuko mkubwa ukawakuta hapo, nyuso zao zikiwa mbele ya vioo. Nairobi ilipoteza watu 213, maelfu wakajeruhiwa, na vioo hivyo viliwapofusha wengi.

Odongo wangu alikuwa tarishi kijana katika jengo la jirani. Wenzake walimwita dirishani. Yeye alikuwa ameinama akiokota mafaili yaliyomwangukia. Leo ni fundi wa kufuli mwenye kibanda karibu na Kirinyaga Road. Hakuna mahali nilipoandika kwamba Odongo aliathirika. Nimeandika kwamba kishindo kikitokea barabarani, majirani wote hukimbilia dirishani na yeye hurudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Amepanga chumba Ngara chenye dirisha moja, na kabati amelisimamisha mbele ya dirisha hilo, likaacha upenyo tu. Msomaji anaelewa kabla hajaambiwa lolote.

Wanza ni mhasibu wa sacco, chama cha akiba na mikopo. Amegundua mikopo inayotolewa kwa majina ya wanachama waliokwisha kufa, na kuna watu hawataki aongee. Mume wake wa zamani alikuwa akimpekua simu kila jioni, kwa hiyo Wanza amejifunza kufuta kila ujumbe akishausoma, hata wa mama yake, hata wa duka la gesi. Ndoa imekwisha, kidole bado kinafuta. Usiku ambao mlinzi wa ofisi anamtumia jina la mkubwa anayehusika, Wanza anasoma, anafuta. Asubuhi mlinzi hapatikani, na ushahidi umekwenda.

Nitawaambia jambo ambalo sijawahi kuliandika: tabia hiyo ni yangu. Niliishi miaka mingi na mtu aliyenyoosha mkono nikiingia mlangoni, kabla sijavua viatu, nimkabidhi simu. Hanipigi, hanitukani, anasoma tu. Nilitoka. Mpaka leo simu yangu haina ujumbe wa juzi, na wateja wangu wakidai walilipa inabidi nitafute kwenye taarifa ya M-Pesa. Kwa hiyo msomaji akiniambia "Wanza ni mjinga, angehifadhi", mimi hucheka, kisha simjibu.

Ushauri wangu wa kwanza, na pengine wa pekee, ndio huu: hatari igonge pale pale penye kidonda. Jambazi yeyote anaweza kumfukuza Odongo. Wa kumtesa Odongo ni yule atakayemlazimu asogelee dirisha.

Na ndivyo nilivyofanya. Usiku, gari linasimama chini ya jengo, injini haizimwi. Wanza anamnong'oneza: "Chungulia uone ni gari gani." Odongo anasema: "Siwezi." Hapo ndipo mapenzi yanapoanza, kwa neno hilo moja. Wanza angeweza kumcheka. Angeweza kumwambia wewe ni mwanamume wa aina gani. Wanza anachukua kioo kidogo cha kunyolea, anatambaa mpaka pembeni mwa kabati, anakiinua kwenye upenyo na kusoma nambari ya gari kinyumenyume. Odongo naye, akiwa ukutani, anazima taa bila kuambiwa. Baadaye wakizungumzia ule ujumbe uliofutwa, haulizi "Kwa nini ulifuta?" Anauliza: "Mlinzi alikuandikia kwa Kiswahili au kwa Kikamba?" Wanza anafikiri, na jina linaanza kurudi.

Hawajagusana mpaka hapo. Nilipata jumbe nyingi kwa sura hiyo kuliko kwa ile ya kitandani, na sura ya kitandani niliifanyia kazi kweli.

Kuna jambo la kisayansi linalofaa kujulikana na waandishi wetu wa "walijificha pamoja wakapendana". Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walifanya utafiti kwenye daraja la Capilano huko Kanada, daraja linaloning'inia na kuyumba juu sana ya mto. Mwanamke aliwahoji wanaume waliolivuka, akawaachia nambari ya simu. Waliohojiwa kwenye daraja la kutisha walimpigia zaidi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara. Watafiti hao walieleza kwamba moyo unaodunda kwa hofu mtu huweza kudhani unadunda kwa mapenzi. Sasa wewe mwandishi, wahusika wako wakibusiana huku wanakimbizwa, umenionyesha daraja tu. Nionyeshe siku mbili baadaye, wakiwa wanakula githeri, hakuna anayewafuata, na mmoja bado anamgawia mwenzake parachichi.

Nilipopeleka mswada wa Odongo na Wanza kwa mhariri mmoja hapa mjini, aliniambia mapenzi niyapeleke magazetini na upelelezi nimletee yeye, bila machozi. Pia alitaka Odongo ainuke aende dirishani "kama mwanamume". Nilikunja mswada nikaondoka. Siwezi kusema nimesahau. Riwaya za upelelezi za Kiswahili tulizokulia, tangu Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965 na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba mwaka 1974, zilitufundisha mbio, fumbo na kurasa zisizoachika, nami nazishukuru. Lakini Waingereza walikuwa na riwaya ya Jane Eyre tangu 1847, nyumba yenye siri ghorofani, watu wawili wenye makovu, na hakuna aliyesema machozi yameharibu taharuki.

Kwa hiyo wanaume mnaoniandikia, acheni kuogopa mhusika anayesema siwezi. Dada zangu nanyi, acheni kuwapa wasichana wenu mwokozi mwenye kifua na Prado. Mtu aliyechungwa miaka mingi haokolewi na mchungaji mwingine mwenye sura nzuri. Mpeni mtu anayeuliza swali lisilolaumu, kisha anasubiri jibu. Hata nje ya hadithi, wangapi kati yetu wanaye?

Mwisho wa hadithi wengi mnataka harusi. Sikuwapa, na mlinitukana. Wanza bado anafuta jumbe. Tofauti ni kwamba sasa, kabla ya kufuta, zile muhimu humsomea Odongo kwa sauti. Kabati bado liko dirishani. Wasomaji wa mapenzi wanadai wapendanao wabaki pamoja, hiyo ni haki yao na nimeitimiza: wamebaki pamoja. Kupona sikuahidi.

Kijana wa Kayole, sura zako nimekurudishia na alama nyekundu. Anza na ya pili, ile ya kwanza itupe. Nanyi mnaosambaza Odongo na Wanza bure, sura mpya inatoka Ijumaa na nambari ya till ya kunilipa kwa M-Pesa haijabadilika.