Homolojia: maswali yenu kuhusu viungo vyenye asili moja

Neno "homolojia" lina maana gani hasa?

Ni ulingano wa viungo vilivyorithiwa kutoka kwa mhenga mmoja, hata kama leo havifanani wala havifanyi kazi moja. Papasa mkono wako kuanzia begani: mfupa mmoja hadi kwenye kiwiko, miwili ya kigasha, vifupa vya kifundo, kisha kiganja na vidole. Mpangilio huohuo umo ndani ya pezi la nyangumi. Umo pia kwenye mguu wa mbele wa farasi, ambaye husimama juu ya kidole kimoja tu, kile cha kati, na kwato ndiyo ukucha wake. Mwanaanatomia Mwingereza Richard Owen aliifafanua dhana hii mwaka 1843. Darwin akaja kuieleza kwa nasaba mwaka 1859.

Bawa la popo na la ndege ni homolojia au la?

Kwanza uliza: kama nini? Kama viungo vya mbele, ndiyo, mifupa ni ileile. Kama mabawa, hapana. Popo ana ngozi iliyotandwa juu ya vidole vinne virefu mno. Ndege hubeba manyoya kwenye kigasha na kiganja, na vidole vyake vimebaki vitatu, vifupi. Kila ukoo ulianza kuruka kivyake. Hiyo ni analojia: kazi moja, asili mbalimbali. Jibu lisilotaja "kama nini" halijakamilika, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama.

Jeni mbili zaweza kuwa na "homolojia ya asilimia 80"?

Hapana, ingawa kosa hili limeenea hata kwa wataalamu. Kinachopimwa kwa asilimia ni kufanana kwa mfuatano, yaani mpangilio wa herufi za DNA. Homolojia ama ipo ama haipo. Andika "mifuatano inafanana kwa asilimia 80", kisha utetee hoja ya asili moja.

Nitaitambuaje pale umbo limebadilika kabisa?

Tazama kiungo kimepakana na vipi, kinavyoanza kwenye kiinitete, na hatua za kati kwenye visukuku. Nyundo na fuawe, vifupa vya sikio letu la kati, vinalingana na mifupa ya maungio ya taya ya mjusi. Ukilinganisha maumbo ya wanyama wazima peke yake, hutaligundua hilo.

Na kromosomu homolojia?

Hapo neno lina maana finyu zaidi: jozi ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), moja ya mama na moja ya baba, zenye jeni zilezile kwa mpangilio uleule. Binadamu ana jozi 23. Kwa mwanamume, kromosomu za jinsia, X na Y, hulingana sehemu ndogo tu.